Kilo Mbili za Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mke wangu amerudi nyumbani. Siku tisa hospitalini, homa ya matumbo. Ameshuka kwenye teksi mwenyewe, akakataa mkono wangu, kisha akaushika alipofika ngazi ya pili. Gauni alilojishonea mwaka jana linamning'inia kama bado liko kwenye henga. Yeye ni fundi cherehani, kwa hiyo aliliona hilo kabla yangu.

Daktari kasema homa imekwisha, kilichobaki ni kula. Chakula cha nyumbani, chepesi, kidogo kidogo, mara nyingi. Kilo hamsini na moja hazimtoshi mwanamke wa kimo chake. Jumanne ijayo arudi kupimwa. Akiongeza kilo mbili, wameagana. Asipoongeza, analazwa tena. Hayo ya kulazwa aliyasema akinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyezila hizo kilo.

Shemeji naye alikuwepo. Ni dada mkubwa wa mke wangu, mpishi mkuu wa shule ya bweni yenye wasichana mia tatu. Mwiko wake una urefu wa kasia. Kimoyomoyo namwita Jenerali. Alisema jambo ni dogo: amchukue mdogo wake, akakae naye kule nyumba za shule mpaka apate nguvu. Nikasema hapana, mke wangu ana mume. Akauliza huyo mume anajua kupika nini. Nikasema anajua kupika chochote.

Sijui kwa nini nilisema chochote. Ningeweza kusema chai.

Basi tumepatana. Jumapili Shemeji atakuja kula chakula cha mchana. Akimkuta mdogo wake anakula vizuri, atatuacha. Akimkuta anasukuma sahani, anaondoka naye.

Sina wasiwasi. Mimi ni fundi redio, mwaka wa thelathini na moja huu. Redio ina vipande mia na ushee na vyote navijua. Sufuria ina vipande viwili, na kimoja ni mfuniko.

Jioni nimepika uji. Madonge. Mke wangu amekula vijiko viwili, akasema mtamu, akageukia ukutani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeona kosa lilipo. Si uji. Ni jinsi ulivyofika. Bakuli la plastiki, kijiko cha chai, na mimi nimesimama pale nimevaa aproni ya Binti yetu yenye maua. Nani angekula?

Sikufungua karakana asubuhi. Nimetengeneza trei. Ubao wa juu ni mfuniko wa gramafoni ya zamani. Miguu minne ni antena, inarefuka na kufupika apendavyo mgonjwa. Pembeni taa ndogo. Chini kispika kinachopiga muziki wa taratibu trei ikiguswa. Kazi nzuri, najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyenisifu.

Ikabaki saa moja ya kupika wali. Uliungua chini, ukabaki mbichi juu. Katikati palikuwa na safu safi kabisa, unene wa kidole. Hiyo ndiyo niliyopakua. Mke wangu alipouliza moshi wa nini, nikasema nachomea waya.

Nikaingia chumbani na trei, muziki unapiga. Akaketi. Akaitazama kwa muda mrefu, akauliza taa ni ya kazi gani. Nikamweleza. Akala vijiko vitatu. Alipofika cha nne, mguu mmoja wa antena ukajifupisha wenyewe na wali wote ukahamia shukani. Muziki haukukatika. Hilo lilinipa moyo. Maana yake nyaya zimekaza.

Binti karudi saa kumi na mbili. Yeye huhudumia watu dirishani posta, siku nzima stempu na vifurushi. Ameitazama ile sufuria, akasema, "Baba, niache nipike mimi." Nimemwambia asiniharibie. Akauliza ataharibu nini. Mambo ya heshima hayaelezeki kwa mtu aliyechoka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango mpya. Kwa nini mtu ajitese? Pale kona kuna mkahawa, na mkahawa una supu ya kuku.

Nikaenda na chupa ya chai, mwenye mkahawa akaijaza. Nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nikaimimina supu kwenye sufuria yetu, nikatawanya maganda ya karoti mezani, nikajipaka unga kidogo shavuni ili nionekane nimefanya kazi. Baadaye nikakumbuka supu haina unga. Nikaufuta.

Shemeji akaingia bila hodi. Eti alikuwa anapita. Shule yake iko upande wa pili wa mji; hakuna njia duniani ya kutoka pale kwenda popote inayopita kwetu. Akafunua sufuria, akachota kijiko, akafumba macho. Akauliza nimeipikaje. Nikasema kuku, maji, moto. Akauliza pilipili manga mbona nyingi hivi. Nikasema mkono uliteleza. Akasema ni ajabu jinsi mkono wangu ulivyoteleza sawasawa na mkono wa yule mwenye mkahawa wa kona. Kumbe ni mwanafunzi wake. Alimfundisha kupika yeye mwenyewe, na kwa miaka sita ameshindwa kumwachisha hiyo pilipili manga.

Nilijiona nimepatikana. Nikasubiri kelele. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikiosha kile kijiko, akakikausha, akakirudisha mahali pake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, huyu ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni."

Akaenda zake.

Nilikaa jikoni kitambo. Mke wangu alikunywa vijiko viwili vya ile supu, akasema inamwasha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimeamua kupika kweli. Isidhaniwe ni kwa ajili ya maneno ya Shemeji. Mkahawa wa kona hufungwa Alhamisi.

Mke wangu ana daftari la mapishi, hulificha nyuma ya kopo la sukari. Nikalifungua kwa matumaini makubwa. Ukurasa wa kwanza, mchuzi wa nyanya: "Kitunguu. Mafuta kiasi. Nyanya za kutosha. Chumvi. Pika mpaka uwe tayari." Nikageuza. "Viazi: chemsha hadi viive." Haya si maelekezo, huu ni uvumi. Ningetengeneza redio kwa maandishi ya namna hii, nusu ya mji ingeshika moto.

Kumwuliza waziwazi sikutaka. Mtu aliyesema anajua kupika chochote haulizi mafuta kiasi ni mangapi. Nikasimama mlangoni pa chumba, nikasema kuna mteja karakana ana swali. Mtu akiandika mafuta kiasi, ana maana gani? Mke wangu akauliza mteja wa redio anataka mafuta ya nini. Nikasema ni mteja mdadisi. Akafikiri, akasema mwambie mteja wako mafuta yafunike chini ya sufuria, basi, asitafute ya kuogelea.

Dakika tatu baadaye mteja alikuwa na swali lingine. Kitunguu kinatoka lini? Akasema kikiwa na rangi ya asali. Halafu mteja akataka kujua kuhusu nyanya, kama zinamenywa. Kisha kuhusu chumvi. Kufika swali la saba sikuwa na haja ya kwenda mlangoni. Mke wangu alikuwa anajibu akiwa kitandani, kupitia ukutani, kwa sauti kubwa. La tisa alijibu kabla sijauliza. "Mwambie mteja wako apunguze moto. Nasikia harufu hapa."

Nikapunguza. Mchuzi ukatoka mwekundu, mzito, una harufu ya mchuzi. Nilishtuka mwenyewe.

Nikaupeleka na viazi, kwenye trei. Miguu nimeifunga kwa gundi ya karakana. Vijiko vinne. Nyongeza juu ya wali wa Jumanne ni kijiko kimoja tu, baada ya jasho lote lile. Na jambo lingine la kutia wasiwasi: mchana hakulala kabisa. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anasubiri mteja aulize tena. Nahofia namchosha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mayai. Hapa hakuna kiasi wala za kutosha. Hapa kuna dakika, na dakika nazielewa.

Nimetengeneza mtambo. Kipima joto ndani ya maji, kimeunganishwa na saa ya mezani, saa imeunganishwa na honi ya lori ambayo mteja mmoja aliniachia tangu mwaka juzi na hajarudi. Maji yakichemka saa inaanza kuhesabu. Dakika sita zikitimia, honi inalia. Mpishi anaweza kuwa popote, hata uani, na yai likiiva atajua.

Lilipoiva, mtaa mzima ulijua. Honi ililia mara moja, umeme ukakatika nyumba nzima, jirani wa mlango wa pili akatoka na ndoo ya maji akiuliza moto uko wapi. Mimi nilikuwa sakafuni chini ya meza. Sikuanguka. Niliinama haraka.

Mke wangu akatokea jikoni. Kwa miguu yake, bila kushika ukuta, na kiatu mkononi, tayari kumpiga yeyote aliyevamia. Akaitazama honi. Akaitazama saa. Akanitazama mimi pale chini na sufuria ya mayai kifuani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kigoda akae. Ni sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki mbili, na nikiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilikaa chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, isije ikakatika.

Nikaenda kutengeneza fyuzi. Yeye akabaki kwenye kigoda, akawa ananihadithia kutoka pale jinsi mama yake alivyokuwa akipima mayai kwa kuimba wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho, na wakati wa harusi za watu, kwa haraka, aliuimba mbio mbio na mayai yakatoka mabichi. Huku anahadithia, anamenya yai. Akalila. Akamenya la pili.

Umeme uliporudi nikamwambia haya, kitandani, mgonjwa hakai jikoni. Akaenda. Nikampelekea yai kwenye trei, na taa, na muziki. Akala nusu.

Nimeandika kwenye jedwali ninaloweka la chakula chake: Ijumaa, yai nusu. Yale ya jikoni siyahesabu. Hakuwa ameandaliwa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kuna mwizi.

Asubuhi nilichemsha viazi vinane, mazoezi ya kesho. Nikaviacha vipoe, nikaenda karakana kumpokea mama mmoja mwenye redio inayokoroma. Kurudi, vitano. Binti alikuwa hajatoka kazini. Jumamosi wanafunga saa saba. Paka hatuna. Nikafikiria Shemeji. Mwanamke anayeweza kuingia bila hodi anaweza pia kutoka bila kwaheri, na nani mwingine ana faida ya kunihujumu?

Nikaweka mtego. Viazi vitano mezani kwenye sufuria, karibu na bakuli la mchuzi wa juzi. Nikasema kwa sauti kwamba naenda karakana. Nikafungua mlango wa mbele, nikaufunga, nikarudi kwa vidole vya miguu na kusimama nyuma ya mlango wa stoo.

Akaja mke wangu.

Akafunua sufuria taratibu, mfuniko usilie. Akatoa kiazi, akakigusisha kwenye chumvi, akakichovya kwenye mchuzi wa baridi, akala amesimama dirishani akitazama nje. Alikula kama mtu anayewaza jambo jingine kabisa. Akachukua cha pili.

Nikatoka stoo. Akaruka, akaficha mkono nyuma kama mtoto.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

"Na trei huigusi. Jana nusu yai."

Akafuta vidole kwenye shuka aliyojitanda. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda. "Mume wangu, usiniudhikie. Ile trei inanirudisha wodini. Kila ikiingia mlangoni nasikia harufu ya dawa. Hapa nasikia harufu ya vitunguu."

Nilikuwa nimeitia miguu minne na taa.

Nikavuta sufuria karibu, nikachukua kiazi changu. Tulikula hivyo, tumesimama, bila sahani, kama tulivyokula miaka ile ya chumba kimoja kabla hatujanunua meza. Akasema mchuzi umekosa kitunguu saumu. Nikasema daftari lake halikutaja kitunguu saumu. Akasema hilo ni jambo linalojulikana. Viazi vikaisha vyote.

Nimekaa nikalitafakari sana. Sasa nimeelewa dawa yake: hapendi kupewa, anapenda kuiba. Kabla ya magharibi nimeacha viazi vitatu kwenye cherehani, yai juu ya kabati la nguo, na kipande cha mkate ndani ya kikapu cha nyuzi, kana kwamba vimesahaulika. Binti amekalia yai. Sijui alikuwa anafanya nini na kabati hadi yai likaangukia kiti chake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku yenyewe.

Mpango ulikuwa hivi. Mezani kitambaa cheupe. Kuku kwenye mchuzi wa nyanya, viazi, karoti za siagi, na vikeki vidogo sita. Mke wangu amevaa vizuri, amekaa, haonekani kuhangaika. Mimi natoka jikoni na kuweka kila kitu mbele ya Shemeji, sisemi neno, nakunja tu taulo begani.

Saa tatu asubuhi mke wangu alikuwa ameshaketi kwenye kigoda jikoni. Nikamwomba arudi sebuleni. Akasema sawa, akabaki. Akasema kuku akaushwe kwanza kwa kitambaa, akilowa hatapata rangi. Akasema karoti zikatwe sawa ili ziive pamoja. Aliniambia nionje. Sijawahi kuonja, nilidhani kuonja ni uroho. Alinipa kijiko, kisha akachukua chake. Mchuzi tukauonja, ukahitaji chumvi. Tukauonja, ukahitaji kitunguu saumu. Tukauonja tena na hakuna aliyesema ulihitaji nini. Akachovya mkate kwenye sufuria. Nikamwonya kwamba mgeni atakuta mifupa. Akasema ngoja aone tu kama bawa limeiva. Liliiva. Akaangalia na la pili.

Vikeki alivikoroga yeye, ameketi, bakuli kwenye mapaja. Nilikuwa nataka kukoroga kwa mashine ya karakana ya kukunjia koili za nyaya. Akasema siku nyingine.

Shemeji akafika saa saba kasoro, mkononi mfuko mkubwa mtupu. Nikajua ni wa nguo za mdogo wake. Alipitiliza sebuleni, akakipita kitambaa changu cheupe bila kukiona, akaenda moja kwa moja jikoni. Akamkuta mdogo wake kwenye kigoda, mashavu mekundu kwa moto, anang'ata paja la kuku na mchuzi kidevuni, ananigombeza kuhusu oveni.

Jenerali alisimama mlangoni. Kisha akavuta debe la unga, akalikalia, akasema naye apewe.

Hatukufika mezani. Tulikula pale pale, wanne, Binti amekaa juu ya kaunta. Nilijaribu mara mbili kuwaita sebuleni. Shemeji akala mara mbili. Akasema karoti zimezidi siagi kidogo. Nikasubiri mengine, hayakuja. Wao wawili wakaanza kukumbushana mambo ya utotoni, nani alivunja chungu gani na nani akapigwa kwa ajili yake, na mimi nikaosha vyombo.

Alipoondoka, ule mfuko aliutilia vikeki viwili na viazi vilivyobaki. Mlangoni akaniambia, "Shemeji, endelea." Neno moja tu hilo. Nimelipindua kila upande na sioni kasoro ndani yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Usingizi wa mchana haunijii. Kesho ni mizani.

Nimepiga hesabu ya jedwali langu: uji vijiko viwili, wali vitatu, supu viwili, mchuzi vinne, yai nusu. Hivyo haviwezi kuwa kilo mbili. Jumapili alikula vizuri, sawa, lakini mlo mmoja ni mlo mmoja. Yale ya kuonja na ya kuiba hayamo kwenye jedwali, na mwili, nadhani, huhesabu kama jedwali.

Nilipomwazia amelazwa tena kwenye kile kitanda cha dirishani, na saa ile ya ukutani isiyokwenda ambayo siku tisa hawakuniruhusu niitengeneze, nikajua siwezi kuacha jambo hili kwenye bahati.

Karakana nina spika za zamani kumi na moja. Kila moja ina sumaku nyuma, nzito kama jiwe. Nimetoa nne. Nimezipima: kilo mbili na robo. Mke wangu alipokwenda kuoga, nikachukua koti lake la kijivu, nikafumua pindo, nikazipanga sumaku ndani, nikashona. Mimi na sindano hatuna mazoea, lakini mbona ni kama kuunganisha waya. Unaingia hapa, unatokea pale. Nimelitundika koti mahali pake. Halionyeshi kitu, labda limekaza kidogo kwa chini.

Si udanganyifu. Ni kuazima kilo mpaka zake zifike.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Yaandikwe kama yalivyotokea.

Tulikaa kwenye foleni. Viti vya chuma. Kila mke wangu alipojisogeza nilifumba macho, nikingoja koti ligande. Halikuganda. Nikadhani ni bahati.

Akaitwa. Nesi wa mizani ni msichana mwembamba mwenye miwani, hana utani. Akamwambia apande. Nikaomba apande na koti, nikasema kuna baridi. Nesi akatazama dirishani, jua kali, akasema haya. Sindano ya mizani ikaenda, ikatikisika, ikatulia. Hamsini na tatu na nusu.

Nesi akatabasamu, akaandika. Mke wangu akatabasamu. Nami nilipaswa kutabasamu. Lakini nilikuwa napiga hesabu kichwani. Hamsini na tatu na nusu, toa sumaku kilo mbili na robo, inabaki hamsini na moja na robo. Robo kilo. Wiki nzima ya kupika, robo kilo, na huyu mtu wangu anarudi nyumbani na karatasi inayosema amepona wakati hajapona. Itakuwaje akianguka? Itakuwaje akianguka na mimi ndiye niliyeshona?

Maneno yakanitoka. Nikasema nesi, subiri, usiandike. Nikakiri yote pale, mbele ya mizani na mzee mmoja aliyekuja kupimwa presha. Sumaku nne, spika kumi na moja, pindo. Nikasema nilifanya kwa kuwa naogopa ile saa ya ukutani. Nesi hakuelewa habari ya saa.

Akaliomba koti. Akalipapasa pindo lote, mwanzo hadi mwisho. Akanitazama juu ya miwani. Hamna kitu.

"Nilizitoa jana jioni," mke wangu akasema. "Nililitundika jikoni nijifute mikono, likaganda kwenye mlango wa friji. Nimevuta, friji inakuja nalo." Alikuwa anajizuia kucheka na hawezi. "Halafu ule mshono. Nisingekanyaga nje ya nyumba na mshono ule, hata ningekuwa nakufa."

Nesi akamvua koti, akampima upya kwa uhakika. Hamsini na tatu kamili. Koti lenyewe lina nusu kilo.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilikaa kwenye kiti cha chuma, na mke wangu akanishika mkono, na safari hii hakuna aliyekuwa amechoka ngazini. Yule mzee wa presha akatupongeza. Akasema naye mke wake hupenda kula jikoni.

Njiani nilimwuliza kwa nini hakuniambia jana. Akasema alitaka kuona kama nitaweza kunyamaza.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimepata nafasi ya kuyatafakari matokeo kwa utulivu. Kilo mbili kamili katika siku nane. Mpishi wa kawaida angehitaji mwezi. Ni wazi kwamba ninacho kipaji, na kwamba kilichokuwa kinakichelewesha ni watu kuniingilia: wanaonja, wanacheka, wanakaa kwenye vigoda na kutoa maoni.

Binti amepandishwa cheo. Tangu jana yeye ndiye mkuu wa madirisha yote ya pale posta. Jumamosi wenzake kumi na wawili wanakuja kunywa chai. Amemwomba mama yake aoke keki ya kawaida, ya duara, yenye sukari juu. Mama yake kakubali.

Hawajui. Keki nitaoka mimi. Orofa nne, umbo la posta yenyewe, na madirisha yanayowaka taa kweli. Oveni ya nyumbani ni fupi kwa orofa nne, kwa hiyo najenga nyingine karakana, ndani ya kasha la televisheni kubwa, nikitumia nyaya za pasi sita. Mayai thelathini nimeyaficha kwenye sanduku la transista. Sitaonja, nisije nikapunguza orofa. Sitamwuliza mtu jambo lolote.

Mke wangu amepita mlangoni sasa hivi, amevaa lile gauni lake, limeanza kumkaa. Ameitazama televisheni. Ameitazama siagi iliyo juu ya televisheni. Kisha amechukua kikapu, akasema anakwenda dukani kununua unga wa akiba.

Sijui wa akiba ya nini. Niliopima unatosha kabisa.